Bi Povu na Bodi ya Mtumba

Mama mkwe wangu haamini kitu chochote kilichowahi kushikwa na mtu mwingine. Nguo ya mtumba ikiingia mlangoni haivaliwi mpaka ipite kwenye beseni lake mara mbili, na mara ya pili ni kwa maji ya moto. Viatu vivyo hivyo. Mikoba vivyo hivyo. Mwaka jana nilinunua kitabu kilichotumika, nikamkuta anakisugua jalada kwa kitambaa chenye sabuni, anakigeuza taratibu kama mtu anayeogesha kichanga. Majirani wamempa jina la Bi Povu, na yeye analijua, wala halimkeri. Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na sita. Alipokuja kukaa nasi alituambia amestaafu, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, na ninalisema hili mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kukufanya udhani vingine.

Mimi ninachora ramani za majengo. Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilifungwa, nikakaa nyumbani miezi minane nikihesabu vigae vya dari. Kisha mkandarasi mmoja akaniita na kunipa kazi ya majaribio: karatasi kumi za michoro ya zahanati, zifike mezani kwake Jumatatu saa sita mchana. Akiridhika, nina kazi ya mwaka mzima nikiwa nyumbani kwangu. Asiporidhika, kuna mchoraji mwingine anasubiri, na alinitajia huyo mwingine mara mbili ili nisijisahau.

Kompyuta yangu ilikuwa ya mkononi, kongwe. Ukichora ukuta wa kwanza inafikiria, ukichora wa pili inaganda. Nilijikaza nayo kisabuni mpaka karatasi ya sita. Alhamisi asubuhi ikazima, na safari hii haikuwaka tena. Michoro yangu sita ilikuwa ndani ya diski yake pamoja na programu ya kuchorea, na sikuwa na nakala popote. Najua. Usiniambie.

Kompyuta mpya ya kubeba kazi kama ile bei yake nilikuwa naisoma tu kwenye vioo vya maduka. Nikaamua kuiunda mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika, kwa sababu niliwahi kumwona fundi wa ofisini akifanya hivyo na haikuonekana kazi ya ajabu. Unahitaji bodi, yaani lile bamba kubwa linalobeba vitu vyote, prosesa, kadi mbili za memori, feni, kisanduku cha umeme na boksi la kuvitia. Boksi na skrini nilikuwa navyo. Kisanduku cha umeme nilikinunua kipya, maana hata mtu bahili kama mimi anajua kwamba hapo hapabaniwi. Diski ningeitoa kwenye ile kompyuta iliyokufa. Vilivyobaki nikavifuata Ijumaa kwa muuzaji wanayemwita Profesa.

Kibanda cha Profesa kiko kwenye jengo lenye ngazi nyembamba, ghorofa ya pili, katikati ya watu wanaouza chaja na watu wanaotengeneza redio. Bodi zimepangwa kwenye trei kama sahani. Profesa ana miwani minene na ulimi wa asali, na kitu kimoja kinachowafanya watu wamwamini ni kwamba kila kipuri hukiwasha mbele yako kabla hujaondoka nacho. Hiyo ndiyo sheria ya kibanda chake, ameiandika ukutani kwa wino mwekundu.

Ijumaa ile umeme ulikuwa umekatika jengo zima.

Nilimwambia nitasubiri. Akasema naweza kusubiri mpaka kesho kutwa, hata yeye hajui. Akanichagulia bodi nyeusi inayong'aa, akasema hiyo imetoka ofisi moja iliyobadilisha mashine zake zote, haijafanya kazi hata miaka miwili, imesafishwa na kukaguliwa. Akabandika stika ndogo yenye saini yake, akasema nina siku saba za kuirudisha, mradi stika isiguswe. Kibetri cha duara akanipa pembeni kwenye kikaratasi, prosesa kwenye kijiboksi chake. Nilitazama ule wino mwekundu ukutani, nikatazama saa. Nikanunua.

Nyumbani nilivipanga vyote kwenye meza ya sebuleni. Kabla sijaanza, mkandarasi akapiga simu: vipimo vya chumba cha sindano vimebadilika, nifuate karatasi mpya ofisini kwake sasa hivi. Nikatoka mbio. Bi Povu alikuwa jikoni, nikamwambia kwa sauti kwamba vile vitu vya mezani ni vya kazi, ndivyo vya kompyuta, nimevipata vya mtumba kwa nusu ya bei.

Neno hilo moja la mtumba ndilo lililoniponza.

Niliporudi, meza ilikuwa imepanguswa, na vya mtumba havikuwepo isipokuwa prosesa na kibetri, vilivyokuwa bado vimefungwa. Nikapita mlango wa nyuma. Uani, kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka na taulo, bodi yangu ilikuwa imebanwa kwa vibanio vinne na inachuruzika maji. Kadi za memori zilining'inia kando yake, kila moja na kibanio chake. Feni ilikuwa mwisho wa kamba, inazungushwa na upepo.

Sikumbuki kama nilipiga kelele kwanza au baadaye. Nakumbuka nilizianua, na nakumbuka nilipoigeuza bodi nikaona mahali pa stika pamebaki gundi tu. Bi Povu alisimama karibu na beseni, mikono yenye povu mpaka kwenye viwiko. Aliniambia jambo moja tu, kwa sauti ya chini:

"Imetoa rangi, mwanangu."

"Hata ingetoa damu, Mama! Umeniua. Kwani miaka yote ile hukufundishwa kitu kingine zaidi ya kuosha?"

Maneno yakishatoka hayarudi mdomoni, na haya niliyaona yakimfikia. Alikausha mikono kwenye khanga yake, kidole kimoja kimoja, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango bila kuubamiza. Ningependa angeubamiza.

Nilimpigia mume wangu, dereva wa lori, ambaye siku hiyo alikuwa kilomita mia nane kutoka kwetu. Alisikiliza pande zote za kisa, yaani upande wangu, kisha akasema mama ni mama na mke ni mke, na kwamba yeye kwa usalama wake anaendesha gari. Nikamkatia simu.

Kumwambia Profesa kwamba bidhaa imelowa ilikuwa sawa na kuchana garantii kwa mkono wangu. Nikasoma kwenye simu kila nilichoweza kusoma. Nilichoelewa ni hiki: kama haukupita umeme wakati wa kulowa, na kibetri hakikuwemo, bodi inaweza kupona, ila ikauke hasa, ndani ya kila tundu. Ukiiwasha ina unyevu, umeiua wewe. Siku mbili, walisema wengi. Nilikuwa na siku mbili na nusu, na michoro minne ambayo hata sijaianza.

Jumamosi jua lilitoka saa tatu likajificha saa tano. Nilikuwa na bodi kwenye kitambaa kizito dirishani, nikaihamisha kila kivuli kilipohama. Mawingu yakaja. Nikaipeleka karibu na jiko, nikaogopa joto, nikairudisha. Michoro iliyobaki nikaanza kuichora kwa penseli ili mkono usikae bure, na kila baada ya dakika kumi nilikuwa nainuka kwenda kuinusa ile bodi, kana kwamba maji yana harufu. Bi Povu alitoka chumbani mara tatu tu siku ile. Alipika, akanifunikia changu, akala peke yake. Nilimsikia akishusha sanduku lake la nguo kutoka juu ya kabati na kulifungua. Nilijua kwamba nikienda kumwomba radhi wakati ule ningeishia kumlaumu upya, maana hasira ilikuwa bado haijaisha. Basi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu hakukuwa na heshima yoyote ndani yake.

Jumapili saa nne asubuhi niliona nisiposogea sasa sitasogea tena. Bodi ilikuwa kavu kwa macho na kwa kidole. Nilitoa diski kwenye kompyuta yangu ya zamani. Nikaifunga bodi ndani ya boksi kwa skrubu sita, nikapachika prosesa, feni, memori, nikaunganisha waya za umeme, mwisho nikachomeka diski yenye michoro yangu sita na miezi minane ya matumaini. Nikaingiza plagi ukutani. Kidole nikakipeleka kwenye kitufe.

"Ngoja."

Bi Povu alikuwa mlangoni. Mkono mmoja ameshika chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, lakini kilichokuwemo ndani kilikuwa cheusi.

"Mama, tafadhali," nilisema. "Siyo sasa."

"Ni sasa. Hukunisikia Ijumaa. Nilikwambia imetoa rangi." Akaiweka chupa mezani. "Haya ni maji ya kwanza ya hilo bamba lako. Kitu kilichotengenezwa cheusi hakinitolei weusi kwenye beseni. Hiki kimepakwa. Mtu hapaki kitu bila sababu. Mimi nilipaona palipofichwa, pale pembeni, ila wewe ulikuwa unapiga kelele."

Nilichomoa plagi, zaidi ili anyamaze. Nikafungua boksi, nikaleta tochi ya simu, nikainama pale alipoonyesha kidole chake chenye kucha nyeupe. Kando ya tundu linalopokea umeme palikuwa na doa la kahawia lenye ukubwa wa punje ya mahindi. Siku mbili nimeigeuza bodi ile mikononi, na macho yangu yalikuwa yanatafuta maji tu, hayakutafuta kitu kingine. Nikaichomoa na kuitazama upande wa nyuma. Njia moja ya shaba ilikuwa imeungua kabisa, na mtu alikuwa ameziba pengo kwa kiwaya chembamba, kimelala ovyo, kikigusa njia ya jirani yake. Juu ya vyote hivyo alipaka kitu cheusi cha kung'aa, huenda hata rangi ya viatu, ambacho sasa kilikuwa ndani ya chupa ya mama mkwe wangu.

Nikakaa chini. Ningebonyeza kile kitufe, umeme ungepita pale ulipotaka, na ya kwanza kuupokea ingekuwa diski yangu.

Bi Povu hakusema "nilikwambia". Aliuliza kibanda cha huyo mtu kinafungwa saa ngapi. Nikamwambia Jumapili ni saa nane. Akaenda kubadilisha khanga.

Tulifika saa saba na robo. Umeme ulikuwa umerudi, na kulikuwa na wateja wawili, mmoja ameshika bodi nyeusi inayong'aa, ndugu wa ile yangu. Profesa alinipokea kwa tabasamu lote. Nilipoweka bodi mezani aliigeuza, akaona gundi mahali pa stika, na tabasamu likaondoka bila kuaga. Akaniambia imelowa. Nikakubali imelowa. Akasema basi hakuna la kuzungumza, garantii imekufa, hata ile alama ya moto huenda nimeileta mimi kwa kuiwasha na maji. Alisema hivyo kwa sauti ya kutosha wateja wasikie. Nikaona aibu, maana nilijua nusu ya maneno yake ni kweli na sikuwa na namna ya kuthibitisha nusu nyingine.

Bi Povu akaweka chupa juu ya kaunta.

"Samahani baba, mimi ndiye niliyeosha. Haya maji meusi yametoka wapi?"

"Vumbi hilo, mama. Vitu vya ofisi vina vumbi."

"Vumbi hushuka. Haya yamesimama toka Ijumaa. Angalia chini ya chupa."

Sote tukainama kuangalia. Chini ya chupa hapakuwa na tope. Maji yalikuwa meusi kutoka juu mpaka kitakoni, sawasawa. Profesa akacheka kidogo, akasema udobi na kompyuta ni vitu viwili. Bi Povu akakubali, akasema ni kweli kabisa, yeye ni dobi tu, haelewi kompyuta. Kisha akatoa leso nyeupe kifuani, akailowesha kwa chupa yake nyingine ya maji safi, na akanyoosha mkono kwenye trei ya bodi nyeusi.

Profesa aliivuta trei.

Hakufikiri, aliivuta tu, na hapo ndipo alipojimaliza. Mteja aliyeshika bodi alitazama trei, akatazama bodi yake, akalamba kidole gumba na kusugua pembeni. Akakigeuza kidole na kukiangalia. Akaiweka bodi kaunta taratibu na kusema yeye atasubiri aone huyu mama anasaidiwaje.

Nilidhani ningefurahi, lakini sikuweza, kwa sababu nilihitaji bodi na wala si ushindi, na saa ilikuwa saba na nusu. Profesa angeweza kutufukuza, akafunga, na mimi Jumatatu nikaenda kwa mkandarasi na penseli zangu. Aliipima hali ile kwa muda mrefu. Mwishowe akainama chini ya kaunta akatoa bodi ya kijani, kuukuu, isiyong'aa hata kidogo. Bi Povu akaipitishia leso kabla ya mtu mwingine yeyote. Leso ikatoka na vumbi la kijivu, akaitikia kwa kichwa kuikubali. Profesa akaiunganisha kwenye meza yake, akaiwasha, picha ikaja kwenye skrini. Akaziwasha na zile kadi zetu mbili zilizoogeshwa, nilizokuja nazo, moja baada ya nyingine. Zikafanya kazi. Akaniandikia siku saba nyingine bila kunitazama.

Njiani nilimuuliza ilikuwaje akayahifadhi yale maji. Nilitaka pia kuomba radhi, lakini swali lilikuwa rahisi zaidi.

Akanieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Kule hospitalini, nguo moja ikitoa rangi na kuharibu nyingine, dobi hamwagi maji. Anayaweka mpaka msimamizi aje ayaone, ajue rangi imetoka kwenye nguo na siyo kwenye uzembe wa mtu. Msimamizi akiridhika, anayamwaga yeye mwenyewe kwa mkono wake. Hapo ndipo neno linakwisha, na hakuna anayelifufua.

"Siku moja mashuka themanini yaligeuka ya bluu," alisema. "Kuna joho la daktari mmoja mkubwa lilikuwa limetiwa rangi upya, likaingizwa humo humo. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamwaga maji nikaenda nyumbani. Asubuhi nikaulizwa ushahidi uko wapi." Akahamisha mfuko kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Sikustaafu, mwanangu. Nilifukuzwa. Na yule msimamizi aliniambia maneno karibu sawa na yale yako."

Nikampokea ule mfuko, tukatembea.

Nyumbani niliunganisha kila kitu tena. Nilipobonyeza kitufe hakikutokea kitu. Nikabonyeza tena, kimya. Bi Povu alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma yangu. Nikazikagua kadi za memori, nikakuta moja haijakaa sawasawa, nikaisukuma mpaka ikalia. Nikabonyeza. Feni ikazunguka, skrini ikapata mwanga, na baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko wiki nzima, michoro yangu sita ikajitokeza mmoja mmoja, hai. Nililia bila kujificha.

Nilichora jioni ile na nikaendelea kulipopambazuka. Saa tano na dakika arobaini za Jumatatu karatasi kumi zilikuwa mezani kwa mkandarasi. Alizifunua polepole kama mtu anayetafuta sababu. Alipata mlango mmoja unaofungukia upande mbaya. Akauzungushia kalamu nyekundu, akasema niurekebishe, na nije Jumatano kusaini mkataba.

Nilirudi nyumbani nusu nikitembea, nusu nikikimbia. Sanduku la Bi Povu lilikuwa limerudi juu ya kabati. Yeye alikuwa uani anakamua shuka. Nilimwambia nimepata, akasema alhamdulillahi, akaendelea kukamua. Nikaingia sebuleni kuiwasha kompyuta nirekebishe ule mlango, na kando ya skrini nikaikuta ile chupa. Alikuwa ameifuta vizuri kwa nje na kukaza kifuniko. Ndani yake maji yalikuwa meusi vilevile.

Niliitazama mpaka nikaelewa. Nikaichukua, nikatoka nayo uani, nikapita mbele yake mpaka kwenye mfereji. Bi Povu aliacha kukamua. Nikafungua kifuniko, nikayamwaga yote mpaka tone la mwisho, naye amesimama na shuka lake mkononi, ananiangalia.